NG'OMBE HANENEPI SIKU YA MNADA

Ndugu wanaushirika,

Tangu juzi kuna maneno mengi pale ghalani juu ya lile pendekezo la kukata fedha katika malipo ya pamba ya kila mwanachama, ili Darasa la Saba wapewe mtihani wa majaribio kila Ijumaa na walale kambini shuleni mpaka Septemba. Waliolileta wana nia njema. Mzazi gani hataki mwanawe afaulu? Lakini kabla hatujanyoosha mikono Jumamosi, tulitazame vizuri jambo hili.

Mtihani wenyewe hutungwa na Baraza la Mitihani la Tanzania, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1973. Watoto hufanya masomo sita, na sehemu kubwa ya maswali ni ya kuchagua herufi ya jibu. Mwenye A, B au C amefaulu. Faida yake ipo: mtoto wa hapa na mtoto wa Dar es Salaam wanapimwa kwa karatasi moja, wala hakuna mkubwa wa kumpendelea mpwawe. Sisi wakulima tunaijua thamani ya mizani isiyochezewa.

Lakini jamani, mizani hupima pamba iliyoletwa, haiongezi hata kilo. Shamba lisilopaliliwa halitapona kwa kupimiwa kila Ijumaa. Mtoto aliyefika Darasa la Saba hajui kusoma sawasawa, shida yake ilianza Darasa la Kwanza, kwenye msongamano na vitabu vichache. Leo tunataka kumnenepesha kwa miezi mitatu!

Na kufaulu peke yake si ushahidi. Mwaka 2012 Serikali yenyewe ilitangaza kuwa wako wanafunzi zaidi ya 5,000 waliochaguliwa kuingia Kidato cha Kwanza hali hawajui kusoma wala kuandika. Hao walikuwa wamefaulu! Ukimzoesha mtoto herufi za kubahatisha kila wiki, atakuwa hodari wa kubahatisha, basi.

Maneno haya si mapya. Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 ilisema elimu ya msingi iwe kamili yenyewe, isiwe ngazi tu ya wachache kwenda sekondari. Azimio la Musoma la mwaka 1974 likataka mwanafunzi asipimwe kwa karatasi ya mwisho tu, bali na kazi zake za kila siku. Na Sera ya Elimu toleo la mwaka 2023 inataka elimu ya lazima iwe miaka 10, yaani sita ya msingi na minne ya sekondari. Maana yake mtoto anayeanza shule sasa ni wa kuendelea, si wa kuchujwa. Akiendelea bila kujua kusoma, atakaa huko miaka minne anafanya nini?

Kuna na hili la orodha. Mwaka jana majina ya watoto wetu yalibandikwa ukuta huu huu, wa kwanza mpaka wa mwisho. Mama wa yule wa mwisho alipanga foleni ya malipo chini ya jina la mwanawe, watu wanasoma. Hiyo ilimfundisha nani? Baraza la Mitihani lenyewe, Januari 2023, liliacha kutangaza shule kumi bora na wanafunzi kumi bora. Sie tunang'ang'ania nini?

Wengine watasema, eti watoto wasipojaribiwa watashtuka siku ya mtihani. Ni kweli karatasi isiwe ngeni kwao. Ila mtihani wa moko upo, na karatasi za miaka iliyopita zipo. Hizo zinatosha.

Basi napendekeza hivi:

1. Tukikubali kukata fedha, zinunue vitabu vya kusoma vya Darasa la Kwanza mpaka la Tatu, na unga wa uji.

2. Darasa la Saba wafanye moko na wapitie karatasi za zamani mchana, jioni walale kwao.

3. Orodha ya nafasi isibandikwe tena hapa. Kila mzazi aambiwe habari za mwanawe peke yake.

Kabla ya Jumamosi, kila mmoja wetu amwite mtoto wake wa Darasa la Nne. Ampe stakabadhi ya pamba, aisome kwa sauti, kisha azidishe kilo kwa bei aone kama baba na mama wamelipwa sawasawa. Huo nao ni mtihani, tena hauna mchango. Akishindwa, tujue fedha zetu zinahitajika wapi.

Mkutano ni saa 3 asubuhi. Tusikose.

Ni mimi mwanachama mwenzenu.