Picha ya Mgonjwa Itiwe Lakiri

Mgonjwa wa kisiwani apigwapo picha ya kifua, huenda mtaalamu wa kuisoma yuko ng'ambo ya bahari. Zamani filamu ilitiwa ndani ya bahasha, ikachukuliwa mkononi. Leo picha husafiri kwa mitambo, na hapana jicho linaloisindikiza njiani.

Hatari ya njia hiyo si ya kudhaniwa tu. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Ben-Gurion, nchini Israeli, walitumia programu ya kompyuta kupandikiza saratani katika picha za CT za mapafu yasiyokuwa nayo, na kuifuta katika picha za wenye kuugua. Madaktari bingwa watatu wakapewa wazisome. Palipopandikizwa, walithibitisha saratani mara 99 kwa 100. Palipofutwa, walisema mtu ni mzima mara 94 kwa 100.

Tujiulize: nani atajibu iwapo mtu atapasuliwa kifua kwa maradhi asiyokuwa nayo, au atarudishwa nyumbani na maradhi yanayomla?

Kinga ipo. Kompyuta yaweza kuitia picha alama ya siri, mithili ya lakiri juu ya barua. Picha ikifika salama, alama huondolewa, nayo hurudi kama ilivyotoka mashineni bila ya kupungua hata nukta moja. Ikiwa imeguswa, lakiri huonekana imevunjwa, na daktari hujua kuwa si ya kuaminiwa. Kurudi kamili ndilo sharti kubwa, maana nukta iliyopotea huenda ndiyo dalili ya kwanza ya uvimbe. Kwa sababu hiyo hiyo, haifai kutegemea picha zilizopelekwa kwa programu za simu zinazozibana na kuzipunguzia ubora.

Kanuni za kimataifa za picha za tiba, ziitwazo DICOM, zimekwisha kuweka nafasi ya saini ya kidijitali. Lakini nafasi isiyotumiwa haimlindi mtu.

Kwa hiyo tunawaomba viongozi wa afya waweke masharti haya katika kila mkataba wa kununua mashine: picha itiwe lakiri pale pale inapopigwa; isafiri kwa maandishi ya fumbo; na nakala yake kamili ihifadhiwe mahali pengine, kwani lakiri hufichua uharibifu, lakini nakala ndiyo irejeshayo kilichoharibiwa.

Mgonjwa husimama mbele ya mashine kwa imani. Picha yake ni amana, na amana hurudishwa kama ilivyopokewa.