Cheni ya Land Rover isinunuliwe nusu nusu

Mamia ya Land Rover yalipokusanyika Arusha kwa tamasha Oktoba 2024, wengi walikwenda kuyatazama kama kumbukumbu ya zamani. Lakini kwa mkulima wa Tanzania au Kenya, Land Rover ya Series III, aina iliyotengenezwa kati ya mwaka 1971 na 1985, si kumbukumbu. Ndiyo inayopeleka mbolea shambani na kurudi na kabichi. Ikilala njiani wakati wa mavuno, mzigo unaoza.

Ndiyo maana inasikitisha kuona wamiliki wakibana fedha mahali pasipostahili, hasa kwenye cheni ya taimingi. Katika injini ya lita 2.25, ya petroli na ya dizeli, cheni hiyo yenye safu mbili huunganisha krankishafti na kamshafti, ili valvu zifunguke na kufungwa kwa wakati wake. Cheni hairefuki kama mpira. Pini zake ndizo zinazolika, kidogo kidogo katika kila kiungo, mpaka yote inalegea. Wakati huo huo meno ya gia mbili inazozungukia nayo yanachongoka.

Hapo ndipo kosa linapofanyika. Mteja anafika dukani, anauliza bei ya cheni peke yake, anailipia na kuondoka akidhani ameokoa fedha. Mwenye baiskeli anajua kinachofuata: cheni mpya ikifungwa kwenye gia iliyochongoka haikai vizuri, na hulika upesi. Tenshona, yaani kikaza cheni, nayo huachwa ile ile. Kifaa hiki husukumwa na presha ya oili na kina meno ya kukizuia kisirudi nyuma. Meno hayo yakiisha, injini hugonga kwa mbele kila inapowashwa asubuhi, kabla oili haijapanda.

Wapo wanaosema kelele hiyo wameisikia miaka mitatu na gari bado linatembea. Ni kweli, cheni mara chache hukatika ghafla. Lakini kamshafti ikichelewa, nguvu hupungua, gari husumbua kuwaka na mafuta huliwa bure. Kwenye dizeli kuna zaidi: pampu ya dizeli huendeshwa kutoka kwenye kamshafti hiyo hiyo, hivyo nayo huchelewa. Mmiliki anaambiwa asafishe nozeli, kisha apeleke pampu mjini, na kilimani gari linabaki vile vile. Na cheni iliyolegea sana ikiruka meno, pistoni za dizeli zinaweza kugonga valvu. Hapo bei ya gia mbili itaonekana ndogo.

Kwa petroli kuna kipimo kisicho na gharama. Fungua kifuniko cha distribyuta, zungusha krankishafti kwa mkono mbele kidogo, kisha nyuma. Rota ikichelewa sana kufuata, cheni imelegea.

Kazi yenyewe haihitaji kufungua silinda hedi. Rejeta hutolewa, halafu nati kubwa ya puli, ile inayopokea hendeli ya kuwashia gari kwa mkono (hendeli zenyewe zimepotelea wapi, wenye magari wajiulize), kisha kifuniko cha mbele. Kwa kuwa umeshafika huko, kubakiza sili ya oili ya zamani ni ubahili usio na maana. Alama za taimingi zihakikishwe kabla ya kufungua, na kabla ya kuwasha injini izungushwe kwa mkono raundi mbili kamili. Fundi anayeruka hatua hiyo hastahili kuachiwa gari.

Wauza spea nao, iwe Gerezani jijini Dar es Salaam au Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, wana sehemu yao. Cheni, gia mbili, tenshona na sili vikiwekwa kwenye mfuko mmoja kwa bei moja, mteja hatajaribiwa kuchagua kimoja. Atakayeuza hivyo atapata faida kidogo zaidi leo, na mteja yule yule kesho atakapotafuta klachi.

Mwenye Land Rover yenye injini ya dizeli ya lita 2.5, iliyoanza mwaka 1984, asisubiri kelele. Hiyo inatumia mkanda badala ya cheni, na mkanda hukatika bila kubisha hodi. Hubadilishwa kwa kuhesabu kilometa.