Mwenye Mlango Asiwe Mwenye Bei

Kwa zaidi ya miaka mitano sasa, mahakama za Marekani na vyombo vya sheria vya Ulaya na Asia vimekuwa vikisikiliza mashauri ambayo mtu akiyatazama juu juu atasema ni ugomvi wa matajiri kwa matajiri. Epic Games, kampuni ya Kimarekani itengenezayo michezo ya kompyuta, imezishitaki Apple na Google. Spotify, kampuni ya Sweden iuzayo muziki, imeishitakia Apple kwa Tume ya Ulaya. Mwananchi wa Makunduchi au wa Wete anaweza kuuliza, na ana haki ya kuuliza: haya yananihusu nini mimi? Jibu letu ni kwamba yanamhusu kila mwenye simu ya kisasa mkononi, na yanawahusu zaidi wale waliokabidhiwa dhamana ya kulinda biashara ya wananchi.

Kwanza tukifahamu kiini cha mgogoro wenyewe. Programu zinazotumiwa katika simu hizi hupatikana katika duka la mwenye simu. Duka la Apple lilifunguliwa mwezi Julai 2008, na katika nchi kama yetu ndilo mlango pekee wa kuingizia programu katika simu za kampuni hiyo. Simu zitumiazo mfumo wa Google zina vijia vya pembeni, lakini umma mkubwa hupita katika duka la Google. Mtengenezaji akiuza bidhaa ya kidijiti ndani ya programu yake, kama vile somo, wimbo au mchezo, hutakiwa apokee fedha kwa njia ya malipo ya mwenye duka, naye mwenye duka hukata fungu lake. Fungu hilo kwa desturi limekuwa asilimia 30. Mwaka 2021 watengenezaji wadogo, ambao mapato yao hayazidi dola milioni moja kwa mwaka, walipunguziwa hadi asilimia 15.

Tuseme mwalimu wa hapa kwetu ametunga programu ya kusomesha hesabu, akauza somo kwa shilingi 10,000. Kwa kiwango cha juu atatoa 3,000. Kwa kiwango cha wadogo atatoa 1,500. Hapo mwenye duka hakutunga somo, wala hakumfundisha mtoto wa mtu. Hata hivyo ada peke yake si dhuluma. Hata anayepanga meza katika soko la Darajani hulipia nafasi yake. Dhuluma imo katika katazo lililofuatana na ada hiyo: kwa miaka mingi muuzaji wa duka la Apple alikatazwa kumwambia mnunuzi, ndani ya programu aliyoitunga mwenyewe, kwamba bidhaa hiyo hiyo inapatikana kwa bei nafuu mahali pengine. Alifungwa mdomo mbele ya mteja wake.

Katazo hilo ndilo lililoleta kesi. Tarehe 13 Agosti 2020, Epic ilitia katika mchezo wake wa Fortnite njia ya kulipa moja kwa moja kwake. Bidhaa iliyokuwa ikiuzwa dola 9.99 kwa njia ya duka iliuzwa dola 7.99 kwa njia hiyo mpya. Mnunuzi akaziona bei mbili, moja kando ya nyingine, na pengine kwa mara ya kwanza akajua kwamba ushuru wa mlangoni anaulipa yeye. Siku hiyo hiyo Apple na Google ziliutoa mchezo huo madukani mwao, na siku hiyo hiyo Epic ikafungua mashitaka.

Tusimpambe Epic mavazi asiyostahili. Hiyo nayo ni kampuni kubwa, na tangu mwaka 2012 kampuni ya Tencent ya China ina sehemu kubwa ya hisa zake. Ilivunja mkataba kwa makusudi, na mahakama haikulifumbia macho jambo hilo. Katika hukumu ya tarehe 10 Septemba 2021, Jaji Yvonne Gonzalez Rogers wa California aliipa Apple ushindi katika madai tisa kati ya kumi, akaiamuru Epic ilipe fungu lililokuwa haki ya Apple kwa mujibu wa mkataba. Lakini katika dai la kumi alisema kuwa kumziba mdomo muuzaji ni kinyume cha sheria ya ushindani wa haki ya jimbo hilo, akaamuru katazo liondolewe. Mahakama ya rufaa iliuthibitisha uamuzi huo mwaka 2023, na mwezi Januari 2024 Mahakama ya Juu ya Marekani ilikataa kuingilia kati.

Hapa ndipo penye somo kubwa, nasi tunawaomba ndugu zetu wa Serikali walisome kwa utulivu. Apple iliposhindwa kwa rufaa, ilifungua mlango kama ilivyoamriwa, kisha ikaweka ushuru kizingitini. Muuzaji aliruhusiwa kumwelekeza mteja nje, lakini kwa malipo yatakayofanyika huko nje Apple ilitaka asilimia 27, na mteja mwenyewe aliwekewa maneno ya kumtisha kabla hajatoka. Kwa kuwa muuzaji bado atamlipa anayemhudumia katika kupokea fedha, alijikuta hana faida yoyote ya kutoka. Mlango ulikuwa wazi kwa jina tu.

Wala jambo hili halikuwa la Marekani peke yake. Korea ya Kusini ilikuwa nchi ya kwanza duniani kutunga sheria, mwezi Agosti 2021, ya kukataza kumlazimisha mtengenezaji kutumia njia moja ya malipo. Google ikatii kwa kupunguza pointi 4 tu kwa atakayetumia njia nyingine, na Apple ikapanga asilimia 26. Uholanzi iliilazimisha Apple kuruhusu malipo mengine katika programu za kutafuta wachumba, ikaitoza faini za kila wiki mwaka 2022 hadi zikafika euro milioni 50. Apple ilipofungua, ilifungua kwa asilimia 27. Nchi tatu, sheria tatu, na hila moja. Anayedhani kuwa ni sadfa na ayaweke mahesabu hayo matatu juu ya meza moja ayatazame.

Jaji wa California aliyatazama. Tarehe 30 Aprili 2025 alitoa uamuzi kwamba Apple imeidharau amri yake kwa makusudi, na kwamba mmoja wa maofisa wake wa fedha alisema uongo chini ya kiapo. Akaipeleka habari hiyo kwa waendesha mashitaka, akakataza ada yoyote juu ya mauzo ya nje. Nyaraka za ndani zilionyesha kwamba Phillip Schiller, mmoja wa wakubwa wa kampuni hiyo, alishauri amri itiiwe, na ushauri wake ukapuuzwa. Mwezi Desemba 2025 mahakama ya rufaa ilikubaliana na jaji kwamba amri ilidharauliwa, ila ikaona kwamba kuifuta ada yote moja kwa moja kumepita mpaka, ikalirudisha suala hilo ili ipimwe ada iliyo ya haki. Kwa upande wa Google, jopo la raia mjini San Francisco lilisema kwa kauli moja, mwezi Desemba 2023, kwamba kampuni hiyo imehodhi biashara ya duka lake kinyume cha sheria, na rufaa yake ikakataliwa mwaka 2025. Nayo Tume ya Ulaya iliitoza Apple zaidi ya euro bilioni 1.8 mwezi Machi 2024 kwa habari ya muziki, na euro milioni 500 nyingine mwezi Aprili 2025 kwa kosa hilo hilo la kuwafunga wauzaji midomo.

Ni haki kuisikiliza hoja ya upande wa pili. Wenye maduka wanasema kwamba wametumia mali nyingi kutengeneza zana wanazotumia watengenezaji, kwamba wanazikagua programu ili wananchi wasiibiwe, na kwamba wingi mkubwa wa programu hautozwi chochote. Hayo yana ukweli ndani yake. Mzee aliyetapeliwa fedha zake kwa simu anajua thamani ya duka lenye ulinzi. Nasi hatusemi kuwa mlinzi asilipwe. Tunasema kwamba ujira wa mlinzi upimwe kwa kazi yake, na mwenye nyumba asizuiwe kuuliza bei ya mlinzi mwingine. Bei ambayo hairuhusiwi kulinganishwa na nyingine haiwezi kuitwa bei ya soko.

Na ajabu ni kwamba Wamarekani wenyewe waliwahi kulidai jambo hili kwetu. Tarehe 21 Septemba 1833, mjumbe wao Edmund Roberts alitiliana saini na Seyyid Said mkataba wa biashara huko Muskati, mkataba uliohusu bandari za Seyyid, na Unguja ikiwemo. Katika mkataba huo Wamarekani walipata kwamba bidhaa watakazoteremsha zisitozwe zaidi ya asilimia 5, na kwamba wawe huru kumwuzia yeyote atakaye kununua, kwa bei waipendayo, bila ya Seyyid wala maofisa wake kuwapangia bei hiyo. Katika karne hiyo forodha ya Unguja ilikuwa ikikodishwa kwa mfanyabiashara, na kwa miaka mingi aliishika Jairam Shivji. Alimpa Seyyid fungu walilopatana, na kilichozidi kikawa chake. Wafanyabiashara wa Marekani walijua hatari ya mtu mmoja kuushika mlango wa bandari hali naye ni mfanyabiashara kama wao. Kwa hiyo wakataka kiwango kiandikwe na uhuru wa bei uandikwe. Walilolitaka kwetu wakati ule si zaidi ya lile ambalo mwalimu wetu wa hesabu analitaka leo kwa kampuni zao.

Hata sisi tuliokaa chuoni kabla ya kwenda skuli za Serikali tulisomeshwa jambo hili. Vitabu vya fiqhi vinamkataza mfanyabiashara kuulaki msafara nje ya mji, anunue bidhaa kabla wenyewe hawajafika sokoni wakaijua bei. Ubaya haukuwa kununua, kwani kununua ni halali. Ubaya ulikuwa kumkuta mwenzio hali hajui, na kujitajirisha kwa kutojua kwake.

Sasa tujitazame wenyewe. Jamhuri ya Muungano, kwa Sheria ya Fedha ya mwaka 2022, iliweka kodi ya asilimia 2 juu ya mapato ya huduma za kidijiti zitolewazo nchini na wasio wakaazi. Ni haki ya Taifa kutoza. Lakini tusijidanganye kwamba kodi hiyo ni kinga kwa mwananchi. Kodi huchukua sehemu ndogo ya kilichokatwa. Haimrudishii mtengenezaji sauti yake, wala haimwonyeshi mnunuzi bei ya pili. Serikali ikiridhika na 2 yake na kuacha kuuliza habari ya 30, itakuwa imekaa pamoja na mwenye mlango, nayo ikingoja gawio.

Kwa maoni ya safu hii, yako mambo matatu yanayowezekana. La kwanza, sheria zetu za ushindani na za kumlinda mlaji zitamke waziwazi kwamba muuzaji yeyote ana haki ya kumwambia mnunuzi wake bei yake na mahali pa kulipia, na mkataba wowote unaoiondoa haki hiyo uwe batili. Afrika Kusini imekwisha kwenda njia hiyo: Tume yake ya Ushindani, katika taarifa ya uchunguzi iliyotoka mwezi Julai 2023, ilizitaka Apple na Google ziache kuwazuia watengenezaji kuwaelekeza wateja katika tovuti zao.

La pili, tusiende peke yetu. Soko la visiwa hivi ni dogo, na mwenye duka la dunia anaweza kulifunga asubuhi na asilikumbuke jioni. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina Sheria ya Ushindani tangu mwaka 2006 na ina mamlaka yake ya ushindani huko Arusha. Shauri la namna hii ndilo lifaalo kupelekwa huko, kwa sauti moja ya mamilioni ya watu.

La tatu, na hili ndilo lililo zito, ofisa asihesabu kazi kuwa imekwisha siku sheria inapotiwa saini. Korea ilitunga sheria ikaletewa 26. Uholanzi ilitoza faini ikaletewa 27. Mahakama ya California ilitoa amri mwaka 2021, na ikapita miaka karibu minne kabla ya amri hiyo kuwa na nguvu ya kweli. Kinachohitajika ni ofisi yenye vijana wanaojua kompyuta na wanaojua hesabu, watakaouliza baada ya kila tangazo zuri: je, mwalimu wa Unguja amebakiwa na shilingi ngapi katika 10,000 yake? Ikiwa ni zile zile 7,000, basi hakuna lililobadilika ila maneno.

Mwisho, neno kwa wenye ofisi wote, wakubwa kwa wadogo. Hatuwezi kumlaumu mwenye mlango wa California hali sisi wenyewe tunaificha bei ya kibali, au tunamlazimisha mwananchi apite dirisha moja bila ya kumwonyesha orodha ya ada ubaoni. Anayeshika mlango wa umma ameshika amana. Bei na iandikwe mahali panapoonekana, kwa herufi zinazosomeka, kabla mwananchi hajatia mkono mfukoni. Tukilitimiza hilo nyumbani, tutakuwa na uso wa kulidai ugenini.