Mwanao anataka ritungu? Kaeni na mzee mpatane

Wiki hii nimepata ujumbe wa mama mmoja wa Machochwe, wilayani Serengeti. Kijana wake amemaliza darasa la saba na sasa anashinda kwa mzee jirani anayechonga na kupiga ritungu. Baba yake hataki kusikia habari hiyo. Anasema nyuzi hazijazi ghala, na mpiga ritungu mwisho wake ni kilabuni. Mama anauliza amsimamie mtoto au amwachie baba aamue.

Mama, asante kwa kutuamini. Kwanza nikuombe usimwone baba watoto kama adui. Anachokihofia kipo. Pombe na usiku wa manane vimewapoteza vijana wengi wenye vipaji. Tena ritungu limesikika harusini, lakini limesikika pia kwenye sherehe za tohara, na sote tunajua mkoa wetu wa Mara unavyohangaika na ukeketaji, ambao kwa binti wa chini ya miaka 18 umekatazwa na Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998. Mzazi ana haki ya kuuliza mwanawe ataimba nini, wapi na saa ngapi.

Ila chombo chenyewe hakina kosa. Kwa wasomaji wa mbali, ritungu, au iritungu kwa Kikurya, ni bakuli la mti lililowambwa ngozi ya ng'ombe, lina mikono miwili, mti wa kukingama juu, na nyuzi nane. Ni ndugu wa nyatiti ya Wajaluo na obokano ya Wakisii. Nyimbo zake husifu, huonya, huomboleza na kutaja ukoo. Wimbo hutungwa na mtu, kwa hiyo unaweza kutungwa mwingine. Kijana anaweza kumwimbia dada yake aende shule, na wazee wakamsikiliza kwa sababu anawaimbia kwa sauti wanayoijua.

Kinachonitia wasiwasi ni mzee wenu. Akiondoka kabla hajamwachia mtu kazi yake, nani atajua mti upi unalia vizuri, ngozi ikaushwe siku ngapi, uzi upi ukazwe kwanza? Chombo cha muziki hukaa juu ya mafiga matatu: fundi wa kukitengeneza, mwalimu wa kukifundisha, na mtu wa kuhifadhi habari zake. Ondoa figa moja, chungu kinamwagika.

Majirani zetu Wasoga wa Uganda walifika pabaya. Bigwala, tarumbeta zao za vibuyu zilizopigwa kwenye shughuli za kifalme, zilikaribia kufa. Mwaka 2012, UNESCO ilipoziweka kwenye orodha ya urithi unaohitaji kuokolewa haraka, walikuwa wamebaki wazee wanne tu wenye ujuzi huo. Wakaanzia shambani. Walitafuta mbegu za vibuyu, wakapanda, wakavuna, wakatengeneza tarumbeta, na wazee wakawafundisha vijana.

Hata Wazungu wana shida hiyo. Viola, chombo kinachofanana na fidla ila ni kikubwa kidogo na sauti yake ni nzito zaidi, kwa miaka mingi ilidharauliwa mbele ya fidla. Wapenzi wake waliunda vyama na kuchangia utafiti na mafunzo, na huko Utah, Marekani, Chuo Kikuu cha Brigham Young kina hifadhi ya viola yenye jina la mpigaji William Primrose, aliyefariki mwaka 1982. Hawakungoja serikali iwapende kwanza.

Je, kuna maisha ndani yake? Sitakudanganya mama, wengi hawatajirika. Ila njia zipo. Chuo cha sanaa cha Bagamoyo, ambacho leo ni TaSUBa, kilianza mwaka 1981 na hadi leo kinafundisha muziki. Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira, Arusha, kina masomo ya muziki. Mtaala mpya ulioanza mwaka 2024 umeweka sanaa bunifu kwenye mkondo wa amali sekondari. Basi shule na ritungu havigombani. Kijana asiache shule kwa ajili ya nyuzi, maana milango hiyo yote inataka cheti.

Na familia yenyewe inaweza kuwa chuo. Hukwe Zawose, Mgogo aliyefariki mwaka 2003, aliwarithisha watoto na wajukuu zake ilimba na zeze. Mwaka 2024 binti yake Pendo na mjukuu wake Leah walitoa albamu yao, Maisha, wakipiga vyombo ambavyo kwa desturi vilikuwa vya wanaume. Kwa hiyo mama, kama nyumbani kuna binti anayechungulia wakati kaka yake anapiga, naye mpishe akae.

Ushauri wangu ni huu. Mkae watatu, wewe, baba na mzee, mpatane mbele ya kijana. Masomo yawe mchana, siku za mapumziko, nyumbani kwa mzee na si kilabuni. Aanze na kuchonga kabla ya kupiga, kwa sababu anayejua kutengeneza atapata pia kazi ya kukarabati na kuuza. Mzee apewe chake: kuku, siku ya kulimiwa, au fedha mtakazokubaliana. Elimu ya mzee si ya bure eti kwa sababu hana cheti ukutani.

Kisha, kwa ruhusa ya mzee, kijana arekodi kwa simu nyimbo na maelezo, aandike kwenye daftari jina la kila uzi kwa Kikurya, nani alimfundisha mzee, na wimbo upi ni wa shughuli gani. Mkikata mti, mpande mwingine. Na mwalimu wa Sanaa na Michezo shuleni aombwe kumwalika mzee hata mara moja kwa muhula.

Baba akisema bado hataki, mwombe kitu kimoja tu: aende akakae na mzee huyo jioni moja, amsikilize mwanawe akipiga, ndipo aamue.

Tukutane wiki ijayo.