Mwalimu wa Famasia Aende Wodini

Mwaka 1974 yalitokea mambo mawili ambayo kwa kawaida hayatajwi pamoja. Katika Kitivo cha Tiba cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam yalianzishwa masomo ya shahada ya famasia, na Taifa likaanza kujifundishia wafamasia wake lenyewe badala ya kuwategemea wale wachache waliosomea ng'ambo. Mwezi Novemba mwaka huo huo Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma, ikaamua kwamba kijana amalizaye kidato cha sita asiende moja kwa moja Chuo Kikuu, bali kwanza afanye kazi, na aingie chuoni akiwa na kauli njema ya wale waliofanya kazi naye. Sharti hilo baadaye lililegezwa na hatimaye likaachwa. Zilikuwako sababu, na nyingine zilikuwa za haki. Lakini wazo lililolibeba sharti lile halijapata kukanushwa na mtu yeyote: kwamba elimu isiyopitia kazini humzaa msomi asiyejua anasoma kwa ajili ya nani.

Wazo hilo leo linamhusu mwalimu wa chuo kikuu kuliko linavyomhusu mwanafunzi wake, na hasa linamhusu mwalimu wa somo liitwalo utendaji wa famasia. Somo hilo si kemia ya dawa, wala si elimu ya mimea ya dawa, wala si ufundi wa kutengeneza vidonge. Masomo hayo yana maabara zake, na mtu anaweza kuwa bingwa wa kweli katika mojawapo bila kumwona mgonjwa hata mmoja. Utendaji wa famasia ni kazi ya kusimama mbele ya mtu aliyeshika cheti cha daktari mkononi, kukisoma cheti hicho kwa jicho la kukagua, kumwuliza anatumia dawa gani nyingine, na kuhakikisha kwamba dawa anayoondoka nayo itamponya wala haitamdhuru. Maabara ya somo hili ni wodi, ni dirisha la dawa, ni kliniki ya kisukari na ya shinikizo la damu.

Sasa itazamwe njia anayopita mtu hadi akabidhiwe somo hilo. Kijana hufaulu vizuri kwa miaka minne. Hufanya mwaka mmoja wa mafunzo ya kazi, kwa kuwa bila mwaka huo hasajiliwi kuwa mfamasia kamili. Kisha chuo, kwa kuona alama zake ni za juu, humwajiri kuwa mkufunzi msaidizi. Hupelekwa kutafuta shahada ya pili, akarudi kuwa mhadhiri msaidizi. Hupelekwa tena kutafuta shahada ya uzamivu, akarudi kuwa mhadhiri. Kutoka hapo huandika, na kadiri anavyoandika ndivyo anavyopanda: mhadhiri mwandamizi, profesa mshiriki, profesa. Mtu anaweza kuipanda ngazi yote hiyo, akafika juu kabisa akiwa na mvi, na jumla ya muda aliowahudumia wagonjwa ikabaki ule ule mwaka mmoja wa ujana wake.

Huo si uvivu wa mtu. Wako walimu wa famasia ambao huingia wodini kwa hiari yao, wakakaa na wanafunzi kitanda hadi kitanda, wakabishana na madaktari kuhusu dozi. Hao wanastahili heshima. Lakini asubuhi yote waliyoitumia wodini haiandikwi mahali popote penye uzito siku ya kupandishwa cheo. Mwenzao aliyebaki ofisini akimalizia makala ya jarida la ng'ambo ndiye atakayetangulia. Utaratibu unaomwadhibu mtu kwa kufanya kazi aliyoajiriwa kuifundisha ni utaratibu mbovu, hata kama umepigwa mihuri yote.

Walimu wa shule wanalijua jambo hili kuliko mtu mwingine. Hakuna mwalimu mwenye akili timamu anayeweza kumkubali mkufunzi wa chuo cha ualimu ambaye hajapata kusimama mbele ya watoto wa darasa la kwanza, halafu aje kumfundisha jinsi ya kuwafundisha kusoma. Wangemcheka, na wangekuwa na haki. Mbona katika dawa, ambako kosa halifutwi kwa kifutio, jambo hilo linapita kimya?

Huenda mtu akadhani kwamba tofauti kati ya mwalimu wa vitabu na mwalimu wa wodini ni ya majivuno tu. Ichukuliwe dawa mseto ya malaria, ambayo nchi hii ilianza kuitumia mwishoni mwa mwaka 2006 baada ya klorokwini kuondolewa mwaka 2001 na dawa iliyofuata nayo kuanza kushindwa. Mtu mzima hupewa vidonge 24, vinne kila mara, kwa siku tatu. Dozi ya pili huliwa baada ya muda wa saa nane tangu ile ya kwanza, na zinazofuata kila baada ya saa kumi na mbili. Tena dawa hiyo haiingii vizuri mwilini pasipo chakula chenye mafuta. Haya yote yamo vitabuni, na mwanafunzi yeyote huyakariri. Kisichomo vitabuni ni kwamba mama aliyetoka kijijini hana saa ya mkononi; kwamba ana homa na hataki kula; kwamba chakula chake cha asubuhi ni chai ya rangi; na kwamba akiambiwa "vinne kutwa mara mbili" atavimeza asubuhi na jioni, hata kama ile dozi ya kwanza ameipata alasiri. Mfamasia aliyefundwa na mtu wa dirishani atamwuliza kama nyumbani kuna maziwa au karanga, naye atamwonyesha jua litakuwa wapi wakati wa dozi ya pili. Aliyefundwa na mtu wa vitabu atamwandikia namba juu ya bahasha.

Au ichukuliwe hali nzito zaidi. Mgonjwa anaishi na virusi vya UKIMWI na anameza dolutegraviri, miligramu 50 mara moja kwa siku. Anapatwa na kifua kikuu, anaanzishiwa dawa zenye rifampisini. Rifampisini hulifanya ini liivunje dolutegraviri haraka, kwa hiyo mgonjwa huyo anapaswa kupewa miligramu 50 mara mbili kwa siku. Kliniki ya kifua kikuu ina daftari lake na kliniki ya UKIMWI ina lake. Anayeweza kuyaona madaftari yote mawili kwa wakati mmoja ni mfamasia, kwa sababu dawa zote hupitia kwake. Lakini atayaona ikiwa tu amezoeshwa kuyatafuta, na mazoea ya namna hiyo hupatikana kwa kumwona mwalimu akifanya hivyo siku baada ya siku, mbele ya mgonjwa mwenye jina. Hotuba ya saa moja kuhusu dawa zinazogongana haitoshi.

Jambo lenyewe ni kubwa kuliko chuo chochote. Makadirio ya kimataifa yaliyochapishwa mwaka 2022 yalionyesha kwamba mwaka 2019 watu wapatao milioni 1.27 duniani walikufa moja kwa moja kwa sababu ya bakteria wasiosikia dawa. Tanzania iliandaa mpango wake wa kitaifa wa kupambana na usugu huo kwa miaka ya 2017 hadi 2022. Mipango ya namna hiyo hutekelezwa na mtu mmoja mmoja kwenye dirisha la dawa, anayethubutu kumwambia mteja mwenye haraka kwamba mafua hayahitaji antibiotiki. Ujasiri huo nao hufundishwa, na anayeweza kuufundisha ni yule aliyewahi kutukanwa na mteja akasimama imara.

Watumishi wa Serikali watauliza kosa lilianzia wapi. Sehemu kubwa imo katika miundo iliyoandikwa maofisini. Mwaka 1976 Kitivo cha Tiba kiliunganishwa na hospitali ya Muhimbili kuwa kituo kimoja cha tiba, na katika mpango ule mwalimu na mhudumu wa hospitali walikuwa chini ya paa moja na mwajiri mmoja. Mwaka 2000 kituo hicho kilivunjwa kwa sheria, zikawa taasisi mbili zenye kujitegemea: hospitali ya taifa upande mmoja, chuo upande wa pili, ambacho mwaka 2007 kilikuja kuwa Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili. Hospitali ya Mloganzila, iliyojengwa kwa nia ya kuwa ya kufundishia ya chuo hicho, ilifunguliwa rasmi mwaka 2017. Mwaka 2018 nayo ikawekwa chini ya Hospitali ya Taifa. Kila uamuzi ulikuwa na hoja zake za uendeshaji, na hapa si mahali pa kuzihukumu. Lakini matokeo yake kwa mwalimu wa famasia ni haya: wodi ni ya mwajiri mwingine, chini ya wizara nyingine, na akiingia humo huingia kama mgeni.

Madaktari walilivuka bonde hilo kwa sababu desturi yao ni ya zamani. Profesa wa upasuaji asiyepasua hana wa kumsikiliza. Kwa hiyo hospitali humhitaji, chuo humruhusu, na kazi yake ya wodini huhesabiwa kuwa sehemu ya uprofesa wake. Mfamasia hakuwa na desturi hiyo ya kuegemea. Kwa vizazi vingi heshima yake ilikuwa katika chumba cha kuchanganyia dawa, na viwanda vilipoichukua kazi ya kuchanganya, akabaki na rafu za kuhesabu.

Huko nje walilitambua hilo mapema, na si aibu kulitazama walilofanya, mradi halimezwi bila kutafunwa. Mwaka 1966 chuo cha famasia cha Chuo Kikuu cha California, San Francisco, kiliwapeleka wafamasia kukaa usiku na mchana katika ghorofa ya tisa ya hospitali, kando ya wagonjwa wa upasuaji. Kutokana na jaribio hilo ilikua famasia ya kliniki, na hata leo nchini Marekani ni kawaida mwalimu wa utendaji wa famasia kupita kwanza katika mafunzo ya ukaazi hospitalini, na akishaajiriwa na chuo kuwa na kliniki au wodi yake ya kufanyia kazi. Uingereza nayo ilikuwa na nafasi za walimu waliogawanya juma lao kati ya hospitali na chuo. Hapo jirani, Eldoret, walimu wa famasia kutoka Chuo Kikuu cha Purdue wamefanya kazi na Wakenya katika wodi za hospitali ya rufaa ya Moi, wanafunzi wakiwafuata. Kama Mmarekani anaweza kuvuka bahari kuja kumfundishia mwanafunzi wodini Eldoret, haieleweki ni bonde gani linalomzuia mhadhiri wa Dar es Salaam au Mwanza kuvuka ua.

Watakuwako watetezi wa hali ya sasa. Watasema kwamba chuo kikuu ni mahali pa utafiti na kwamba mwalimu akipelekwa kwenye dirisha la dawa atageuka mtoa dawa tu. Neno hilo "tu" ndilo ugonjwa wenyewe. Ni kasumba ile ile ambayo Elimu ya Kujitegemea iliikemea mwaka 1967, ya kudhani kwamba mwenye elimu huinuliwa na umbali wake kutoka kazini. Na kuhusu utafiti, maswali yenye faida kwa nchi hii yamelala wodini yakingoja mtu wa kuyaokota: kwa nini wagonjwa wa shinikizo la damu huacha dawa wakijisikia nafuu, au ni dozi ngapi za watoto hupimwa kwa kijiko cha jikoni.

Watasema pia kwamba walimu ni wachache. Ni kweli, lakini katika hospitali za mikoa na za rufaa wako wafamasia wa miaka mingi, wanaojua mambo ambayo chuo hakina, nao hawapewi nafasi ya kufundisha kwa sababu hawana shahada ya uzamivu. Kwa madaktari bingwa vyuo vilikwisha kukubali kwamba umahiri wa wodini ni elimu yenye kustahili cheo. Mfamasia aliyebobea katika kazi ya hospitali anyimwe kwa hoja gani?

Linalotakiwa halihitaji jengo wala mkopo. Baraza la Famasi, vyuo na wizara zote mbili wakae meza moja waandike muundo mmoja wa utumishi. Humo iandikwe kwamba hakuna atakayefundisha utendaji wa famasia kabla ya kuhudumu miaka kadhaa katika hospitali au halmashauri, na angalau sehemu ya miaka hiyo iwe nje ya Dar es Salaam, mahali ambapo dawa huisha kabla ya mwezi kuisha. Iandikwe kwamba kila mwalimu wa somo hilo atakuwa na wodi au kliniki yake na siku zake maalumu kila juma, kwa jina lake, kwenye orodha ya zamu ya hospitali, wala si kwa hisani ya mganga mfawidhi. Iandikwe kwamba kazi hiyo itapimwa na kuhesabiwa wakati wa kupandishwa cheo sawasawa na makala. Na kwa kuwa posho ya zamu ndiyo itakayoulizwa kwanza katika kikao cha bajeti, iandikwe mapema ni fungu la nani litakaloilipa, chuo au hospitali, ili mwalimu asije akatumwa wodini na ofisi moja na kufukuzwa humo na nyingine.