Mwacheni Athibitishe

Mdogo wangu ana E ya fizikia. Ana B ya kemia na C ya baiolojia pia, na chuo kimempokea kusoma shahada ya famasi. Nilipofika Bariadi mwezi wa nane kwa likizo fupi nilidhani nitakuta nyumba yenye vigelegele. Nikakuta kikao.

Ni mtoto wa mama yangu mdogo. Baba mdogo alikuwa amemwita mjomba, jirani ambaye ni mwalimu mstaafu, na binamu yetu anayefanya kazi halmashauri. Ajenda ilikuwa moja: E. Mwalimu alisema msichana aiachie nafasi, ajisajili kama mtahiniwa wa kujitegemea, arudie fizikia mwakani ili akisafishe cheti. Mjomba akasema famasi si mchezo, atadisko mwaka wa kwanza na hela ya pamba itakuwa imeliwa bure. Binamu, kwa sauti ya mtu anayetaka kusaidia, akauliza kama hakuna kozi nyepesi kidogo. Mwenye E alikuwa jikoni, anachemsha chai ya kikao.

Siku ile nilinyamaza kwa adabu. Shikamoo zenu nimezitoa na nazirudia hapa. Sasa naomba mnisikilize.

Tuanze na E yenyewe. Kwa viwango vya Baraza la Mitihani, E ya kidato cha sita ni alama kati ya 40 na 49. Ni ufaulu, na ina pointi 1. Chuo kiliiona, kikaiweka kwenye hesabu pamoja na B na C, kikasema njoo. Mtoto hakupita mlango wa uani. Hakuna aliyemfahamu mtu huko. Kama wenye chuo wameisoma E hiyo na kuridhika, sioni ni kwa mamlaka gani sebule ya Bariadi inaikalia rufaa.

Halafu tuulize ilikotoka. Shule aliyosoma, ambayo sitaitaja, ilikuwa na mwalimu mmoja wa fizikia kwa kidato cha tano na cha sita. Alihamishwa kabla mwaka haujaisha. Kwa miezi kadhaa wanafunzi walifundishana wenyewe, na profesa akawa yeyote mwenye karatasi za mitihani iliyopita. Majaribio ya maabara waliyafanya kwa zamu, watu wanane kwenye kifaa kimoja, wawili wakipima na sita wakinakili. Katika hali hiyo mtu aliyepata alama arobaini na kitu amefanya kazi. Sisemi ni alama nzuri. Nasema tujue tunachokisoma tunapoisoma: ndani yake kuna bidii ya msichana mmoja na kuna kiti kitupu cha mwalimu, na cheti hakina safu ya kuvitenganisha.

Simiyu ilipewa hadhi ya mkoa mwaka 2012, ikiwa na wilaya tano: Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega. Sekondari nyingi za kata tulizosoma zilijengwa kwa nguvu za wazazi, michango ya fedha, mawe na mchanga. Baadaye Rais Kikwete akaagiza kila sekondari ya kata iwe na maabara tatu, ya fizikia, ya kemia na ya baiolojia, na wazazi wakachanga tena. Kuta zilisimama. Maswa kuna hata kiwanda cha chaki. Kwa hiyo kuta tunazo na chaki tunazo, na bado mtoto anaulizwa kwa nini ana E, kana kwamba yeye ndiye aliyekuwa na kazi ya kumwajiri mwalimu.

Na kipimo chenyewe hakijawahi kukaa mahali pamoja. Matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012 yalipotangazwa Februari 2013, zaidi ya nusu ya watahiniwa walikuwa na sifuri. Nchi ikapiga kelele, Waziri Mkuu Pinda akaunda tume, matokeo yakafutwa, yakapangwa upya na kutangazwa tena. Karatasi zilikuwa zile zile na mwandiko ule ule. Walioamka bila kitu wakalala na cheti. Mwisho wa mwaka huo huo vikaletwa viwango vipya vya kidato cha nne, ikazaliwa B+, ikazaliwa E, na F ikashushwa hadi chini ya 20. Mtoto aliyepata 25 chini ya viwango hivyo aliandikiwa E. Leo D inaanzia 30, na 25 hiyo hiyo ni F. Mwalimu wetu mstaafu aliyashuhudia yote haya akiwa kazini, kisha akakaa kwenye kochi la baba mdogo na kuizungumzia E kama mtu anayesoma kundi la damu.

Lakini nisiwaonee wazee wa Bariadi. Walijifunza kwa wakubwa zao. Mwisho wa Mei 2016 wanafunzi zaidi ya 7,000 wa stashahada maalumu ya ualimu wa sayansi na hisabati waliondolewa Chuo Kikuu cha Dodoma. Serikali ndiyo iliyokuwa imeianzisha programu hiyo, ndiyo iliyowapokea na ndiyo iliyowalipia. Sababu ya kwanza kutolewa ilikuwa mgomo wa wahadhiri. Siku chache baadaye Rais Magufuli akazungumzia sifa zao za kuingilia, na neno lililobaki masikioni mwa nchi nzima ni moja: vilaza. Baadaye walichambuliwa. Wachache walirudi Dodoma, wengi wakapelekwa vyuo vya ualimu, wengine wakaambiwa hawana sifa kabisa. Sibishi kwamba wapo ambao hawakupaswa kuwa pale. Ninachokumbuka ni vijana waliolala nje na mabegi yao kituo cha mabasi, na ninakumbuka programu ile ilikuwa ya nini. Ilianzishwa kwa sababu nchi haikuwa na walimu wa fizikia, kemia na hisabati. Mlolongo wake ni huu: hakuna mwalimu wa fizikia, kwa hiyo wanafunzi wanapata alama mbaya, wenye alama hizo wanaletwa chuoni wawe walimu, kisha alama zile zile zinatajwa mbele ya taifa na wanaitwa vilaza. Aliyekuja kupata E Bariadi ni mjukuu wa mlolongo huo.

Tangu siku hizo kuna hofu fulani kwa kila mwanafunzi aliyeingia chuo kwa alama nyembamba. Anajua kupokelewa si mwisho wa maneno. Mapema 2017 TCU ilitoa orodha ya maelfu ya wanafunzi ambao sifa zao zilitiliwa shaka, na ninyi mliokuwa vyuoni wakati huo mnakumbuka jinsi hata wenye Daraja la Kwanza walivyokuwa wanatafuta majina yao humo, kwa mioyo inayodunda.

Sasa niwageukie wa upande wa pili, maana hao nao wananichosha. Ni wale wa semina za hamasa: alama si kitu, cheti ni karatasi, tazama fulani aliacha chuo akawa bilionea. Mmoja wao alimwandikia mdogo wangu ujumbe mrefu wenye moto na roketi. Huyo sina muda naye, ila nitasema jambo moja. Fizikia ni kitu. Kwenye famasi ni kitu sana.

Chukueni chupa ya amoksisilini ya watoto, ile ya unga unaochanganywa na maji yaliyochemshwa na kupoa. Dawa ile haiyeyuki yote. Chembe zake zinaelea ndani ya maji, na taratibu zinazama. Kasi ya kuzama inategemea ukubwa wa chembe, uzito wake ukilinganishwa na wa kimiminika, na mnato wa kimiminika chenyewe. Chembe ikiwa na kipenyo mara mbili ya mwenzake, inazama mara nne kwa kasi. Hiyo ni fizikia ya Stokes, mzaliwa wa Ayalandi wa karne ya 19, na ndiyo sababu chupa imeandikwa tikisa kabla ya kutumia. Mama asipotikisa, mtoto anakunywa maji matamu siku za mwanzo na dawa nzito siku za mwisho. Mtu wa dirishani ambaye hajaielewa E yake atamkabidhi mama chupa na kumwambia kijiko kimoja mara tatu. Aliyeielewa atamtikisia mbele ya macho yake.

Kwa hiyo msimwambie alama si kitu. Mwambieni ukweli: hukumu imekwisha, pengo lipo. Hivyo ni vitu viwili, na ugomvi wangu na kikao kile ni kwamba kilitaka kuishikilia hukumu na hakikuuliza hata mara moja pengo liko wapi. Hakuna aliyesema, mwanangu, katika fizikia ni nini hasa hukukielewa? Mimi nilimuuliza baadaye, uani. Alijibu bila kufikiri: mambo ya vimiminika, umeme kiasi, na kusoma vipimo kwa sababu hakuwahi kuvishika. Sentensi moja. Hiyo ndiyo taarifa muhimu kuliko E, na ilikuwa jikoni muda wote.

Najua ninachokisema kwa sababu mimi niliingia famasi na S ya BAM. Wasiojua, BAM ni ile hisabati ya nyongeza tunayosoma watu wa PCB, na S ni alama ambayo mtu hapigii simu nyumbani. Muhula wa kwanza tukapewa jaribio la mahesabu ya dawa. Swali mojawapo: una spiriti ya asilimia 96, tengeneza lita moja ya asilimia 70. Jibu ni mililita 729 za spiriti, kisha unaongeza maji hadi ifike lita. Mimi niliandika 672. Nilikuwa nimezidisha pale pa kugawanya. Mhadhiri aliyerudisha karatasi alisema, mbele ya darasa, kwamba kuna watu walipaswa kwenda kusomea mapambo. Nikarudi hosteli na uamuzi wa kuacha.

Kilichoniokoa si moyo wa chuma. Mwenzangu wa chumbani, aliyesomea stashahada kwanza na kufanya kazi dirishani miaka mitatu, alitazama karatasi yangu akasema, wewe tatizo lako ni la kidato cha pili: uwiano. Nikanunua kitabu cha hisabati cha kidato cha pili kwa muuza vitabu wa barabarani, nikakifunika kwa jalada la famakolojia ili watu wasikione maktaba. Wiki tano. Mtoto wa kilo 12, paracetamol miligramu 15 kwa kila kilo, ni 180. Sirapu ina 120 katika mililita 5. Mpe mililita 7 na nusu. Nililifanya hilo na ndugu zake mpaka nikaanza kukokotoa uzito wa abiria kwenye daladala. S yangu iko pale pale kwenye cheti. Hakuna mgonjwa aliyewahi kuniuliza.

Na hapa ndipo ninapopinga ushauri wa kurudia mtihani, ushauri unaoonekana wa busara. Mtahiniwa wa kujitegemea atakaa nyumbani mwaka mzima, atalipa ada ya mtihani na tuisheni, kwa walimu wale wale ambao hawapo, akikariri vitengo ambavyo famasi haitamuuliza, ili herufi ibadilike. Nafasi ya chuo aliyonayo haitamsubiri. Hela ya pamba ya mwaka huu haitakuwapo mwakani, na baba mdogo anajua bei ya pamba kuliko mimi.

Mkoa wetu unajua kupambana na alama. Enzi za Mkuu wa Mkoa Anthony Mtaka tulikuwa na makambi ya kitaaluma: watahiniwa wanakusanywa, walimu wazuri wanachukuliwa huku na huko, watu wanasoma usiku na mchana hadi mtihani. Nayasifu. Lakini kambi inavunjwa siku ya mtihani, kana kwamba mtihani ndio ulikuwa ugonjwa. Matokeo yanatoka Julai, vyuo vinafunguliwa Oktoba au Novemba. Miezi mitatu mtoto aliyepokelewa anauza vocha. Chuo Kikuu Huria kina kozi ya mwaka mmoja ya kuwaandaa waliokosa alama za kuingia. Aliyeingia akiwa na pengo hana chochote, isipokuwa aibu na mhadhiri wa mapambo. Maabara tatu za kila kata zinakaa zimefungwa wakati wa likizo. Sihitaji ripoti ya mshauri mwelekezi kuona nini kinaweza kuwekwa humo.

Nimerudi Dar. Jana usiku mdogo wangu alipiga simu. Alikuwa ameichukua chupa ya dawa ya mdogo wake wa mwisho, akaitikisa, akaiweka kwenye dirisha karibu na taa, akashika rula. Alitaka kujua kama milimita nne kwa nusu saa ni nyingi. Nilimwambia aandike namba, kisha ajaribu na kitu chenye mnato zaidi, hata uji mwepesi wenye mchanga, alinganishe. Akacheka, akasema mama atamfukuza jikoni.

Nikamuuliza kama amethibitisha. Alipokelewa vyuo viwili, na ni lazima achague kimoja kabla dirisha halijafungwa. Kimya kidogo.

"Namba ya kuthibitishia ilitumwa kwenye simu ya baba," akasema. "Hajanipa."