BREKA SI ADUI WETU



Twataka kusema neno juu ya lile sanduku dogo la breka za umeme lililo ukutani karibu na mlango. Wengi wetu hulitazama siku umeme ukatikapo tu, tena kwa hasira. Mtu arudi kutoka zamu ya usiku, mama apiga pasi, birika la umeme lachemka, mara breka yaanguka na nyumba yote ni giza. Basi aitwa kijana mwenye bisibisi. Aondoa breka ya ampea 20 atia ya 40, apewa shilingi zake, aambiwa ahsante. Tangu siku hiyo breka haianguki tena, na mwenye nyumba asema, "Mwaona? Imepona."

Haikupona. Imezibwa mdomo.

Sisi watu wa reli yatupasa kulijua jambo hili kuliko wengine. Signali ikiwa nyekundu, dereva hashuki kuipaka rangi ya kijani kwa sababu gari limechelewa. Breka nayo ni signali ya nyumba. Ikianguka yasema: simama, uliza kuna nini mbele.

Tufanye hesabu. Umeme wa majumbani katika Kenya ni volti 240. Birika la wati 2,000 lavuta ampea 8 na zaidi kidogo. Pasi ya wati 1,200 yavuta 5. Shawa ya umeme ya wati 5,000 peke yake yavuta karibu 21. Waya wa taa kwa kawaida ni wa milimita mraba 1.5, wa soketi ni 2.5, na kitu kama shawa chataka waya mnene wa peke yake. Breka huchaguliwa kwa kuufuata waya. Aliyetia breka ya 40 juu ya waya mwembamba ameuruhusu waya ule uchemke ndani ya ukuta na juu ya dari, plastiki yake iyeyuke, moto uanze watoto wamelala. Na breka itatulia tu, maana 40 haijafika.

Tena kuna jambo la pili ambalo wengi hatukuambiwa. Breka ya kawaida hulinda waya, haimlindi mtu. Ampea 20 ni nyingi mno. Sehemu ndogo sana ya ampea moja ikipita kifuani yaweza kuua. Na katika nchi kavu kama hii ya Voi, fimbo ya ardhi iliyopigwa katika udongo mkavu haipitishi umeme vizuri. Ukinzani wake ukiwa ohm 60, umeme uvujao kwenye bati la shawa utakwenda ardhini kwa ampea 4 tu. Breka ya 20 haitajua habari. Kwa hiyo yafaa kila nyumba iwe na swichi ya kukata umeme unapovuja, ile yenye kitufe cha kujaribia, ya milliampea 30. Kitufe hicho kibonyezwe mara kwa mara. Kisipokata, fundi aitwe.

Haya ndiyo tunayotaka kila mtu ayashike:

1. Breka ikianguka mara mbili, punguza vitu vilivyochomekwa. Ikiendelea kuanguka, iache ilale mpaka sababu ijulikane.

2. Chini ya skurubu moja pasitiwe waya mbili pasipotengenezwa kwa mbili. Skurubu iliyolegea huleta joto, na joto huleta moto.

3. Sanduku lisikae bila kifuniko, wala tundu lisiachwe wazi.

4. Swichi kubwa ikizimwa, waya ziingiazo kutoka kwenye mita bado zina umeme. Hapo wamekufa wengi waliodhani wamezima. Asiye fundi asifungue.

5. Fundi naye apime kwanza kabla ya kugusa, na swichi ifungwe ili mwingine asiiwashe. Anayefanya kazi juu ya njia ya reli hulindwa kwa bendera nyekundu. Fundi wa umeme ni mtu vilevile.

Wako watakaotuambia, "Fundi mwenye leseni ni ghali." Twawajibu: rahisi ni ghali. Mafundi wa kutia umeme hupewa leseni na mamlaka ya EPRA, na kazi ikiisha hutia sahihi cheti. Kijana wa bisibisi hatii sahihi popote. Nyumba ikiungua, haonekani. Na mwenye nyumba apokeaye kodi kila mwezi hawezi kusema umeme si kazi yake. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 31, yamtaka mwajiri ampe mfanya kazi nyumba ya kufaa au fedha za kodi za kutosha. Je, nyumba ambayo waya zake zanuka moshi ni ya kufaa?

Lakini tusiwalaumu wengine tu. Sisi ndio tuliosema ahsante.

Katika miaka ya 1970 akina mama wa hapa Mraru walikuwa wakitaabika kwa safari ya kwenda Voi. Hawakukaa kulia kando ya barabara. Walichangishana, wakanunua basi lao wenyewe. Nasi tushindwe kuchangishana nyumba kumi kumi, tumlete fundi mmoja mwenye leseni, akague masanduku yote kwa siku moja na kuandika kila kosa? Karatasi hiyo tutaipeleka kwa wenye nyumba na kwa waajiri kwa sauti moja. Mpangaji mmoja huambiwa ahame; wapangaji kumi husikilizwa.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Leo jioni kabla ya kulala, litazame sanduku lako. Soma namba iliyoandikwa juu ya breka, kisha uulize waya ulio nyuma yake ni wa unene gani. Asiyeweza kukujibu asiguse nyumba yako.

Sisi wenzenu wa reli,
Mraru.